Namba Zangu na Masikio ya Alfonsi

Siku Alfonsi alipofukuzwa kazi, karatasi iliyomfukuza ilikuwa na mwandiko wangu.

Naanza hapo makusudi. Ninyi vijana mkija kunisalimia mnapenda niwape yale ya kuchekesha tu, la blanketi juu ya waya na la Mzungu asiyejua do wala fa, mnacheka, mnaaga, mnaondoka. Leo nitawapa hayo pia, lakini mtakaa mpaka mwisho.

Kazi yangu ya maisha ilikuwa kupiga hesabu. Naletewa namba asubuhi, natoa namba jioni. Nimehesabu mvua, nimehesabu kina cha mto Kilombero masika hadi masika. Lakini kazi ya kwanza kabisa, nikiwa binti wa miaka ishirini nimetoka shule ya masista, ilikuwa kuhesabu miluzi ya angani. Najua mnatazamana. Hata mama yangu alinitazama hivyohivyo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, wakati wataalamu wa nchi nyingi walipokubaliana kuipima dunia kwa pamoja, kila mmoja kwa pembe yake. Pembe yetu sisi ilikuwa nyumba ya bati nje kidogo ya Ifakara, barabara ya kwenda Mkula. Waliichagua kwa sababu hapakuwa na nyaya za umeme. Mmesikia vizuri, tulipewa kituo kwa sababu ya kukosa umeme. Nyaya za umeme hunguruma ndani ya vyombo, na sisi tulitaka kimya. Tulikuwa na betri, teprekoda, na waya mmoja mrefu uliopita juu ya mashamba ya mpunga kutoka nguzo hadi nguzo.

Mkubwa wetu alikuwa Mwingereza mrefu, mpole, anayetembea na hedifoni shingoni kutwa nzima, hata sokoni. Watu wakamwita Bwana Masikio, na jina lake la ubatizo likasahaulika. Kichekesho ni kwamba masikio yenyewe hayakuwa yake. Ukimpigia do na fa, kwake zote zilikuwa sauti moja. Mwenye masikio alikuwa Alfonsi.

Alfonsi alikuwa mtu wa Mchombe, mwenye miaka arobaini na kitu. Wakati wa vita alikuwa jeshini, upande wa mawasiliano, akafika hadi Burma. Aliporudi akawa mwalimu wa kwaya. Mimi nilimwita baba, yeye aliniita binti. Ndiye aliyenivalisha hedifoni siku yangu ya kwanza.

"Sikiliza, usiseme kitu," akaniambia.

Nikasikia mkwaruzo, kama mtu anakaanga bisi mbali. Halafu, katikati ya bisi, kitu kikapiga mluzi. Ulianzia juu sana, ukashuka, ukashuka, ukazama. Fiiiuuu. Nikavua hedifoni nikapiga ishara ya msalaba. Moyo ulikuwa unanienda mbio kama nimefukuzwa na nyati.

"Nani huyo?"

Alfonsi akacheka mpaka akashika meza. "Si mtu, binti. Ni radi. Imepiga huko kaskazini, ng'ambo ya ikweta, na hii ndiyo sehemu yake iliyotufikia kwa kupitia juu."

Nitawaeleza kwa ufupi, maana bila hili hamtaelewa kilichomkuta. Radi ikipiga hutoa mawimbi ya redio. Mengine hupanda juu kabisa, kule ambako hewa ni nyembamba mno na chembe zake zimebeba umeme, hali ambayo wataalamu huiita plazma. Dunia yetu ni sumaku, na mistari ya sumaku hiyo inatoka upande mmoja, inapinda juu angani kama upinde, inashuka upande wa pili. Wimbi hufuata mstari huo kama maji yanavyofuata mfereji. Sasa, njiani mawimbi ya sauti nyembamba hukimbia, ya sauti nzito huchelewa. Yametoka pamoja, yanafika kwa kupishana. Ndiyo maana tunasikia mluzi unaoshuka. Na ukijua yamepishana kwa muda gani, unaweza kujua kule juu yalikopita kuna nini. Hakuna aliyekuwa amefika huko. Mluzi ndio uliokuwa unatuletea habari.

Mluzi wenyewe, mtu akiusikia, ni mfupi mno, haufiki hata sekunde moja. Kwa hiyo tulinasa kwenye tepu alfajiri, na mchana Alfonsi aliicheza taratibu sana, mluzi ukawa mrefu kama mtu anayeteremka mlima. Mbele yake alikuwa na vyuma vyenye umbo la uma, kila kimoja ukikigonga kinatoa sauti yake isiyobadilika. Mluzi ukishuka ukilingana na chuma cha kwanza anabonyeza kitufe, na kalamu inachora alama kwenye ukanda wa karatasi. Ukilingana na cha pili, alama nyingine. Bwana Masikio alijaribu mara moja, akabonyeza mahali tofauti kila tepu iliporudiwa, akaacha mwenyewe. Baadaye kanda hizo zilikuja kwangu na rula yangu.

Hapo niwape la blanketi. Wiki moja kituo kilipata mlio usio na mfano, krrr-puu, krrr-puu, mchana tu, jua likiwaka. Bwana Masikio hakulala. Aliandika barua ndefu Ulaya kwamba bonde letu lina kitu kipya. Siku ya tatu Alfonsi akavua hedifoni, akatoka kimya, akafuata waya shambani. Alirudi na blanketi bichi mkononi. Mama mmoja alikuwa ameona waya mzuri, mrefu, hauna mwenyewe, akaanika. Upepo ukivuma, blanketi linakwaruza. Ile barua tulimkimbilia karani wa posta, tukairudisha kabla gari halijaondoka.

Kwa hiyo mnaona, Bwana Masikio alikwisha kuaibishwa mara moja, na nadhani ndiyo maana mara ya pili hakutaka kuamini kitu kipya.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Nilipewa karatasi yenye ule mstari wa sumaku, umekatwa vipande vitano vilivyo sawa. Katikati ya kila kipande, Bwana Masikio alikuwa ameandika kadirio la wingi wa chembe na nguvu ya sumaku. Natafuta kipeuo cha pili, nazidisha kwa urefu, nagawanya, napata muda ambao wimbi linatumia kwenye kipande hicho. Mashine ilikuwa ya mkono, unazungusha mpini kama unasaga nyama. Najumlisha vipande vitano, napata muda wa safari nzima. Halafu tunalinganisha na alama za Alfonsi.

Havikulingana. Si kidogo. Alfonsi alisikia karibu mara mbili ya nilichohesabu.

Ripoti ilikuwa inasubiriwa Ulaya. Tepu zenyewe zilikwisha kutumwa huko, kwenye mashine ya kuchora picha za sauti, lakini majibu yangechukua miezi. Mchana mmoja wa masika, mvua inapiga bati mpaka inabidi kupaza sauti, Bwana Masikio alituita wote wawili. Aliweka karatasi yangu mezani, na kando yake ukanda wa Alfonsi.

"Bwana Alfonsi," alisema kwa Kiswahili chake cha kunyooka, "nimefikiri sana. Vita ina mizinga. Mizinga inaharibu masikio ya mtu, na mtu mwenyewe hajui."

"Masikio yangu, Bwana?"

"Unasikia vitu kwa kuchelewa. Labda unasikia vitu ambavyo havipo. Si kosa lako. Lakini siwezi kuandika ripoti hivi."

Alfonsi akanigeukia. Hakumtazama tena Bwana Masikio, alinitazama mimi. "Binti. Umehesabu vizuri?"

Nikasema, "Nimehesabu kama nilivyoelekezwa, baba. Mara tatu."

Ilikuwa kweli. Na katika maisha yangu yote sijawahi kusema kweli mbaya kuliko hiyo. Nilimwona usoni. Alikuwa mtu mweusi mwenye uso wa kung'aa, na uso ule ukawa kama jivu mbele ya macho yangu. Akaukunja waya wa hedifoni vizuri, mizunguko mitatu, akaiweka juu ya meza, akatoka mvuani bila kofia. Mwezi ule nilikula bila kujua ninakula nini.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapojisema mwenyewe. Wiki yangu ya kwanza kazini, kwa udadisi tu, nilikuwa nimeukata ule mstari vipande sita badala ya vitano. Jibu likaruka. Nikashtuka. Sista aliyenifundisha hesabu alikuwa akisema kila siku kwamba ukikata upya na jibu likabadilika, bado hujakata vya kutosha. Nikampelekea Bwana Masikio. Akatabasamu, akasema, "Vitano vinatosha, Kornelia. Fuata karatasi." Nikafuata. Na siku ile ya mvua, Alfonsi aliponiuliza, vile vipande sita vilikuwa kichwani mwangu. Vilikuwa pale pale. Nikavimeza.

Jumapili moja, mafuriko yamejaa, nilikwenda Kivukoni nivuke kumwona shangazi yangu ng'ambo. Kivuko kilikuwa kimefungwa kwa ajili ya maji, nikapanda mtumbwi wa Mndamba mmoja mwenye mikono kama magogo. Maji yalikuwa yameingia mbali kwenye matete, huku na ng'ambo. Tukaanza kusukuma ndani ya matete. Tunasukuma, yanatushika, tunarudi nyuma, tunasukuma. Jua likapanda. Halafu ghafla tukatoka kwenye maji meupe, na kabla sijajiweka sawa tukawa tumeyavuka, mbele yetu matete tena.

"Mbona mto umekwisha upesi hivi?" nikamuuliza.

Akatema maji pembeni. "Dada, mto wenyewe si kazi. Ukimwuliza mtu ni mbali kiasi gani, atakupimia mto. Safari iko kwenye matete, huku na kule."

Nikasimama. Nilisimama wima ndani ya mtumbwi, juu ya maji yenye mamba.

"Kaa chini! Wee dada, utatuzamisha!"

"Nirudishe," nikasema.

"Shangazi yako je?"

"Nirudishe!"

Alinirudisha akinung'unika kwa Kindamba mambo ambayo nashukuru sikuyaelewa yote. Mimi nilikuwa nimekaa nimejishika kichwa. Maana ule upinde wa angani nao una matete! Chembe za umeme hazikusambaa sawa njia nzima. Zimesongamana kwenye tabaka nene huku chini, mahali wimbi linapopanda, na kule linaposhuka. Juu katikati kuna chembe, lakini chache. Na sisi tulikata vipande vitano virefu, tukapima katikati ya kila kimoja, na katikati ya kipande cha kwanza ilikuwa imekwisha kuyapita matete. Tuliyaruka. Tulihesabu mto tukaacha matete.

Nilifungua ofisi kwa ufunguo wangu, nikakaa na ile mashine. Safari hii nilikata vipande ishirini, vifupifupi kabisa miisho yote miwili, virefu katikati. Makadirio ya wingi wa chembe yalikuwa kwenye daftari la Bwana Masikio mwenyewe, sikubuni hata moja. Nilizungusha mpini mpaka nikapata malengelenge kwenye kiganja. Giza likanikuta, nikafunga, nikarudi Jumatatu alfajiri. Kufika saa nne za asubuhi nikajumlisha.

Nilikaa natazama. Nikajumlisha tena kutoka chini kwenda juu. Ulikuwa muda wa Alfonsi. Tofauti iliyobaki ilikuwa ndogo kuliko upana wa alama ya kalamu yake.

Sikufurahi. Watu hudhani ukipata jibu unafurahi. Mwili ulinisisimka kwa woga, kama mtu aliyegundua alichokanyaga gizani.

Bwana Masikio alizisoma karatasi zangu akiwa amesimama. Akaketi. Akavuta mashine kwake akazungusha mpini mwenyewe, kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alipofika cha sita mkono wake uliacha.

"Mungu wangu," akasema kwa lugha yake. Halafu kwa Kiswahili, "Kornelia, nimemfukuza mtu kwa ajili ya vipande vitano."

"Tumemfukuza," nikasema.

Hakuchukua hata kofia ya mvua. Tuliondoka na Landrova muda uleule, barabara ya Mlimba, tope mpaka milangoni. Kabla ya Mchombe gari likakwama likakataa. Tukaliacha na dereva, tukatembea juu ya matuta ya mashamba. Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa, na watu walikuwa wakifukuza ndege kwa kelele na madebe. Tukauliza kwa Alfonsi, tukaonyeshwa.

Alikuwa amesimama ndani ya mpunga, ametupa mgongo. Mkewe, Mama Agata, alikuwa karibu kabisa naye, hatua kumi hazifiki, lakini alipotuona alijaza kifua akapiga kelele ambayo ilirusha ndege wa shamba la tatu.

"BABA AGATA! WAGENI!"

Kisha akatugeukia, sauti ya kawaida. "Karibuni. Semeni kwa nguvu tu, hasikii. Tangu aache kazi masikio yamekufa kabisa. Ukimsemesha hajibu, na kanisani kwaya ameiacha."

Bwana Masikio alinishika mkono, na sijui ni nani aliyekuwa anamshikilia mwenzake. Inawezekana kweli mtu akawa kiziwi kwa kuambiwa?

"Shikamoo, baba," nikasema. Sikupaza sauti. Nilisema kama ninavyosema na ninyi.

Alfonsi akageuka. Midomo yake ilicheza, lakini hakuitikia.

Bwana Masikio akavuka tuta akaingia kwenye maji na viatu vyake. Akasimama mbele ya Alfonsi. "Bwana Alfonsi. Mimi nilikosea. Masikio yako ni mazima. Hesabu ndiyo ilikuwa kiziwi."

Mzungu, mkubwa wa kituo, ndani ya tope, anamwomba msamaha mkulima mbele ya mkewe na majirani. Miaka ile, vijana, hilo halikuonekana.

Lakini Alfonsi hakumjibu. Alinigeukia mimi, akaniuliza taratibu, "Binti. Ni kweli amesema hivyo? Au nimesikia tu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa kiziwi hata kidogo. Alikuwa anasikia kila kitu, na hakiamini hata kimoja.

"Amesema, baba."

"Amesema nini? Rudia."

"Amesema masikio yako ni mazima. Na mimi nasema hivyo. Kila alama uliyoweka ilikuwa ya kweli. Mimi ndiye niliyehesabu vibaya."

"Rudia."

Nikarudia. Halafu nikamwambia na yale ya vipande sita, mbele ya wote, kwamba siku ile ya mvua nilikuwa na wasiwasi na hesabu yangu na sikufungua mdomo.

Akaniuliza, "Kwa nini?"

"Niliogopa, baba."

"Unajua nilivyoishi?" akasema. "Nikisikia hodi, najiuliza kama kweli mtu amebisha. Nikisikia mke wangu ananiita, najiuliza kama ameita. Nikaona afadhali nisiitikie chochote. Niliiamini karatasi yako kuliko kichwa changu mwenyewe."

Nikashuka na mimi kwenye tope, nikasimama karibu naye.

"Nitarudi nikimaliza kuvuna," akasema mwishoni, akimtazama Bwana Masikio. "Lakini namba za huyu binti nataka anisomee kwa sauti kwanza, kabla hazijafika mezani kwako. Na zikimtia wasiwasi, aniambie." Bwana Masikio akakubali kwa kichwa. Ndivyo tulivyofanya miezi yote iliyobaki, na picha za sauti zilipokuja kutoka Ulaya, zilisema kile kile ambacho Alfonsi alikuwa amekisema kwa kitufe chake.

Sasa Mama Agata alikuwa amesimama pale muda wote, mkono kiunoni, anatutazama mmoja baada ya mwingine. Nilimwona anavyokokotoa, na yeye hakuhitaji mashine.

"Ngoja," akasema. "Baba Agata. Ina maana mwezi mzima huu, yote niliyokuwa nasema jikoni, uliyasikia?"

"Yote," akasema Alfonsi.

"Hata ya mama yako?"

"Hata ya mama yangu."

Mama Agata akajifunika uso kwa khanga. Jirani mmoja akaangua kicheko, nikafuata mimi, na Bwana Masikio, ambaye sidhani kama alielewa nusu yake, akacheka naye mpaka machozi. Alfonsi mwenyewe alicheka kuliko sisi sote. Alicheka akashika magoti, akaketi juu ya tuta, mabega yanamtetemeka, na nilichelewa kidogo kutambua kwamba kile hakikuwa kicheko tena.

Mama Agata akashuka kwenye tope, akapiga magoti karibu naye, akainamia sikio lake na kumsemesha kitu kwa sauti ya chini mno, ya kunong'ona, hata mimi niliyekuwa jirani sikukisikia.

Alfonsi akamjibu.